Daftari la Alama za Santuri

Kwa misimu 22 nilikuwa karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi, si mbali na mji wa Bariadi, na kazi yangu, kila soko la pamba lilipofunguliwa, ilikuwa kuipokea pamba ya mkulima, kuitazama, kuishika, na kuiandikia daraja lake, ama safi ama fifi, kabla haijapandishwa kwenye mzani. Kazi ile ilinifunza jambo ambalo baadaye lilinifaa katika mapenzi yangu mengine, mapenzi ya santuri na kaseti za muziki wa zamani: kwamba pamba haihukumiwi kwa kuangalia mdomo wa gunia. Kila mtu huweka juu ile nyeupe iliyochambuliwa vizuri, na hilo si hila, ni ada ya mtu apelekaye kitu chake sokoni. Lakini karani mwenye insafu huvua saa yake, hukunja mkono wa shati, huutia mkono ndani hata kwapani, akatoa konzi moja ya chini kabisa, akaitandaza mezani penye mwanga, ndipo akashika kalamu.

Vijana wengi wa hapa mjini, wajuao kwamba nyumbani kwangu mna makasha matatu ya muziki wa kale, hunijia na kuniuliza albamu ipi ni bora kuliko zote, na hupenda niwape jina moja na alama moja, wakaitafute kwenye simu, wakaondoke. Siwanyimi jina, walakini huwaambia kwamba alama yangu haitawafaa kitu wasipokuwa na daftari lao wenyewe, na kwa kuwa maneno hayo nimeyasema mara nyingi mlangoni, nimeona yafaa niyaandike mara moja kwa utulivu, ili yeyote apendaye kupima muziki wa wazee wetu ajue namna mmoja wetu alivyoipima.

Nunua kaunta buku ya kurasa nyingi, yenye jalada gumu, maana daftari jembamba halivuki masika mawili. Kila santuri, kaseti au albamu ipewe ukurasa wake: jina, wapigaji, mwaka ikiwa unaujua kwa hakika, na mahali ulipoipata. Kisha chora safu tatu. Katika safu ya kwanza tia alama yako, katika kumi, baada ya kuisikiliza juma zima. Ya pili usiiguse hata upite msimu wa kilimo, yaani kutoka kupanda hata kuvuna. Na ya tatu uiache wazi miaka mitatu au zaidi. Kila alama iandikiwe tarehe na sababu, na sababu isipungue mistari mitano. Alama isiyo na sababu ni kama stakabadhi isiyo na uzito: ukiirudia baada ya muda, wewe mwenyewe huwezi kujua ulipokea nini.

Kwa nini alama tatu? Kwa sababu alama humpima msikilizaji kwa kadiri ileile inavyoipima santuri, na msikilizaji hubadilika. Hata wakubwa wa kazi hii hawakusalimika. Jarida la Marekani liitwalo Rolling Stone, lilipotoa orodha yake ya albamu 500 bora katika mwaka 2003, liliweka kileleni albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Lilipoiandika upya orodha hiyo mwaka 2020, kilele kikapewa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Hapana aliyeongeza wala kupunguza noti moja katika albamu hizo kwa miaka yote hiyo 17. Waliogeuka ni waamuzi: watu wengine, umri mwingine, na zama zenye dhiki nyingine. Wangeziandika alama zao pasipo tarehe, tungedhani mmoja wao amesema uongo.

Mzee mmoja jirani yangu, namhala aliyecheza ngoma ya Bagalu tangu ujanani, alinieleza jambo hili kwa njia iliyo karibu zaidi nasi. Sisi Wasukuma tunao mzani wetu wa muziki, wa kale kuliko jarida lile: baada ya mavuno, Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule aliyevuta umati, maana watazamaji huhama kwa miguu yao kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Nilimwuliza kama umati haukosei. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Hukosea siku ya kwanza. Ukileta chatu uwanjani, watu wote watakuja kwako. Siku ya tatu wamemzoea chatu, wanarudi kwa ningi anayejua kutunga." Tangu siku ile, kila nikiona albamu mpya imenikamata kwa ghafula, hujiuliza kwanza kama nimekamatwa na mtunzi au na chatu wake.

Kabla ya kutia alama yoyote, hakiki mzani wako. Karani aliyeanza kupima kabla ya kuona kwamba mshale umesimama penye sifuri hudhulumu watu kutwa nzima naye hajui, na chombo cha muziki ni vivyo hivyo. Wengi wetu tulilelewa na redio ya betri, nasi tulikuwa tukizianika betri juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo ya kumaliza jioni. Lakini betri zikichoka, kaseti huenda polepole, sauti hushuka, na mwimbaji kijana huimba kama aliyeamka na homa. Katika daftari langu la kwanza kuna ukurasa wa Marijani Rajabu na Dar International ambamo nilimpa 4, nikaandika kwamba sauti yake ni nzito na haina uhai. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la betri, na dhuluma ile ilikaa kwenye karatasi miaka sita kabla sijaisahihisha. Shauri langu ni hili: chagua wimbo mmoja ambao urefu wake umeupima kwenye chombo cha kuaminika, uandike kwa dakika na sekunde ndani ya jalada la daftari, na kila ukibadili chombo uupige huo kwanza, saa mkononi. Wimbo wa dakika tano ukienda dakika tano na sekunde 20, usimhukumu mtu siku hiyo.

Jambo la pili ni kujua unachokipima. Neno albamu limekuja kwetu likiwa limekwisha kushonwa kwa kipimo cha wengine: santuri kubwa, dakika kama 20 kila upande, iliyopangwa na wapigaji wenyewe tangu mwanzo hata mwisho. Bendi zetu za dansi, aghalabu, hazikufanya kazi namna hiyo. Zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na santuri, nyingi ndogo zenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, zilifyatuliwa Nairobi; na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Kwa hiyo nyingi za albamu tunazoziita za kale ni mikusanyo, zilizopangwa miaka mingi baadaye na mtu mwingine. Usiwatoze wapigaji alama kwa mpangilio wasioufanya wao. Na ukiikuta santuri ndogo, usithubutu kuihukumu kwa upande wa kwanza. Upande wa kwanza ni hadithi, upande wa pili ni chemko, pale waimbaji wanapowapisha wapiga magita, na ndiyo konzi ya chini ya gunia. Vijana wanaotiliwa nyimbo kwenye kadi za simu pale stendi mara nyingi hupewa nusu ya kwanza tu, nao hudhani wameusikia wimbo.

Sasa nifungue kurasa chache.

Sina Makosa ya Les Wanyika ndiyo iliyokaa kileleni kwangu katika safu zote tatu: 9, 10, na 10. Bendi hii ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, ndani yake wakiwamo Watanzania, na nguvu yake yote imo katika uchache wa vitu. Sikiliza gita la ridhimu la Omar Shabani: anarudia kipande kifupi kilekile, bila papara, bila kujionyesha, hata msikilizaji wa mara ya kwanza anaweza kumpuuza, na chini yake besi ya Tom Malanga haimfuati mtu, inatembea njia yake, ikinyamaza pale ambapo mpigaji mwingine angejaza, kisha ikijibu. Mwimbaji anajitetea kwamba anachukiwa pasipo kosa, na ala zinamwacha ajitetee. Nilitia 9 mara ya kwanza kwa kuwa nilidhani wimbo hauendi mahali. Msimu mmoja baadaye nilikuwa nikipalilia, jua la saa nne, nikagundua kwamba jembe langu limeshika mwendo wa ridhimu ile na kwamba mstari mzima umekwisha nami sijachoka. Sisi watu wa bugobogobo tunajua maana ya muziki unaobeba jembe. Nilirudi nyumbani nikaandika 10 kabla ya kunawa mikono.

Mbaraka Mwinshehe ninaye katika mfululizo uitwao Ukumbusho, uliotolewa Kenya baada ya kufariki kwake kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979. Ni mikusanyo, na mpangilio wake haunipendezi, maana nyimbo za furaha na za msiba zimesukumwa pamoja kama abiria. Ila nimekwisha kusema kwamba hilo halimhusu marehemu. Mtu huyu alikwenda na Morogoro Jazz hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na katika muda huo mfupi alilifanya gita la solo liseme Kiswahili, lenye nukta na mkato wake. Alama: 8, 9, 9. Anayetaka kumwelewa asianze na nyimbo zinazopigwa sana. Aanze na zile anazoshauri na kuonya, asikilize gita linavyosubiri sentensi iishe.

Franco na T.P.O.K. Jazz, Mario, ya mwaka 1985: 6, kisha 8. Alama mbili zilizoongezeka ni za mkalimani. Wimbo ule ni wa Kilingala, na mara ya kwanza nilisikia magita tu. Dereva mmoja wa lori aliyewahi kuishi upande wa Kongo alipokaa nami akanifasiria ubeti kwa ubeti mashitaka ya yule kijana anayelelewa na mwanamke mwenye mali, niliona nilikuwa nimehukumu barua kwa uzuri wa bahasha.

DDC Mlimani Park, wenyewe wanaiita Sikinde, ndiyo bendi niliyopata tabu nayo kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 1978, na waliopita ndani yake ni majina ya kuheshimiwa: Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, na Michael Enoch, ambaye kabla ya hapo alikuwa nguzo ya Dar es Salaam Jazz. Mkusanyo wangu ni ule uitwao Sikinde, uliotolewa Marekani. Safu ya kwanza niliandika 6, kwa sababu sauti imefifia, na tarumbeta zinasikika kama ziko chumba cha pili. Safu ya pili nikaandika 9. Kilichotokea kati ya alama hizo mbili ni kwamba niliacha kuusikiliza usiku peke yangu, nikausikiliza na shemeji yangu, mwanamke aliyeishi Dar es Salaam miaka ya themanini na aliyekuwa akienda ukumbini kila wiki. Ulipofika wimbo wa Neema, alinyanyua mkono, akaniambia, "Shemeji, subiri hapo, wanaingia," na wapulizaji wakaingia pamoja, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba mdomo wa tarumbeta na sauti ya Chidumule havishindani, vinapokezana maji. Uhafifu wa sauti haukupungua hata chembe, ila nilikuwa sijui pa kusubiri. Kwa hiyo nashauri kwa moyo wangu wote: usitie safu ya pili pasipo kukaa walau mara moja na mtu aliyekuwapo. Watu hao wanapungua kila mwaka, na wengi wao hawajaombwa kusema kitu.

Ziko kurasa ambazo sikutia alama, na sitatia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay, wakaimba kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kurekodi, kila upande wa santuri ukichukua dakika tatu hivi, na Shaaban Robert akaona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu kizima. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na vyombo vyake, akarekodi pia nyimbo za Wasukuma. Ninaposikia sauti za watu wa kwetu kutoka mwaka ule, watu ambao huenda wengine walipita njia hii hii ya Bariadi wakiswaga ng'ombe, siwezi kushika kalamu. Andika tarehe uliyosikiliza, andika nani alikuwa nawe, basi.

Niseme upesi juu ya kutunza, kwa kuwa vumbi la kiangazi cha mkoa wetu wa Simiyu ni adui asiyepumzika. Santuri zisimame wima kama vitabu, zisilazwe, na zisikae chini ya bati tupu, maana joto la mchana huzipinda na pindo halinyooki tena. Kichwa cha kaseti kisafishwe kwa spiriti na pamba, lakini pamba ya duka la dawa: pamba mbichi ya shambani, kwa mapenzi yote tuliyo nayo kwayo, ina nta ya asili, nayo huacha nyuzi. Kaseti ziwe mbali na spika, kwa ajili ya sumaku. Na zile mbavu mbili ndogo za plastiki zilizo mgongoni mwa kaseti zivunje siku ileile unayoipata, ili kanda isirekodiwe tena. Mimi sikuvunja, nikamwazima sahibu yangu kanda ya Super Volcano, ikarudi baada ya miezi miwili ina nyimbo za harusi ya ndugu yake. Ninao ukurasa wa kanda ile daftarini, na alama mbili, lakini muziki wenyewe sijaupata tena.

Nimebakiza ukurasa mmoja, ambao unanisumbua hata leo. Ni Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989, ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila. Dokta Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 na kufia Tanzania mwaka 2010, aliirekodi albamu hii kwa kampuni ya Real World huko Uingereza, na nilipoipata kwenye kaseti nilitia 9 bila kusita: Kipenda Roho ilinitoa machozi, na Muziki Asili Yake Wapi ilinifanya nisimame. Msimu mmoja baadaye nikaishusha hata 6. Sababu niliyoandika ni hii: "Sauti imeoshwa mno. Hakuna ukumbi ndani yake, hakuna jasho. Kila gita limewekwa kwenye sahani yake. Mnyonge anaimbiwa akiwa hayupo chumbani." Nilijiona nimesema kweli, nikafunga ukurasa.

Mwaka huu mpwa wangu, binti anayesoma sekondari na anayenisaidia kupanga makasha, aliisoma sababu ile, akanijia uani na daftari mkononi.

"Mjomba, Dokta Remmy umemwonea," akasema.

Nikamwuliza kwa vipi.

"Wewe ukumbi unaujua. Mimi sikuukuta. Kaseti zako nyingine nasikia kelele za watu nisiowajua, na magita yamegongana, siwezi kusema huyu ni nani na yule ni nani. Hii ndiyo ya kwanza niliyowasikia wapiga magita wote watatu, kila mmoja na kazi yake. Kama si hii, hizo nyingine nisingezielewa."

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliyemwandikia 6 ni mtu aliyetafuta kumbukumbu yake mwenyewe ndani ya kaseti na hakuikuta; sikufikiri kwamba kasoro niliyoiona mimi inaweza kuwa mlango wa mtu mwingine. Tulikubaliana tuisikilize pamoja, upande wa kwanza na wa pili, pasipo kuruka wimbo, betri zikiwa mpya, jioni pamba ikishaingia ghalani. Yeye amekwisha kununua kaunta buku yake, na amechora safu zake. Safu ya tatu ya ukurasa wangu bado iko wazi.